Kadi Zilizopigwa Pasi

Ukoo wetu ni ukoo wa kusimama. Dada yangu mkubwa amesimama maisha yake yote mbele ya masufuria ya bweni la wanafunzi, anakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Mimi nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, ninanyoa, na mkono wangu unajulikana: mtu anaingia kwangu na kichwa cha mshtakiwa, anatoka na kichwa cha mkurugenzi. Na mpwa wangu, binti wa dada huyo, anasimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anapiga pasi. Tukikutana watatu sebuleni kwa dada hatuulizani habari. Tunaulizana miguu.

"Miguu imeshindaje, mjomba?"

"Inawaka. Ya kwako?"

"Imevimba kidogo."

Hapo tumeshasalimiana, kila mtu anatafuta pa kuketi.

Mpwa wangu huyu tunamwita Pasi. Jina nilimpa mimi. Majina yote matamu ya ukoo huu nimeyatoa mimi. Wazazi wao walitoa ya kwenye cheti tu. Ni mwanamke mzima, mwembamba, mikono yake imekakamaa kwa mvuke, na kwenye kiganja cha kulia ana alama nyekundu ya mpini wa pasi isiyofutika hata siku ya mapumziko. Niliwahi kwenda kazini kwake kumpelekea ufunguo. Jamani. Kuna mashine ya mitungi miwili mirefu inameza mashuka mabichi upande huu na kuyatema makavu upande wa pili. Mvuke umejaa mpaka dari inatoa jasho. Na kelele! Wanazungumza kwa mikono: kidole kimoja ni shuka, kiganja ni foronya, ngumi ni njoo unisaidie naungua. Mtu anaingia asubuhi na salamu yake mdomoni, anatoka nayo jioni haijatumika.

Sasa binti huyo akaanza kupotea kila Jumamosi mchana. Dada akanijia kinyozini, sura imekunjamana, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuombwa.

"Mwanao anacheza karata," akaniambia.

Mtoto akifanya jema ni wake. Akiharibu anakuwa wangu.

"Karata za wapi?"

"Kwa yule mwanamke wa fotokopi. Nyuma ya duka. Wanaume, wanawake, mchana kweupe, wamejifungia. Hiyo ni kamari. Nenda kaangalie, maana mimi nikienda nitapindua meza."

Nikavua koti la kinyozi, nikaenda. Nani asiyejua kwamba kwa upelelezi mimi ni namba nyingine? Nikaingia dukani najifanya nataka kunakili kitambulisho. Mama Fotokopi, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani inayokaa kwenye paji la uso muda wote kana kwamba paji ndilo lenye macho, akaniangalia mara moja tu.

"Wewe ni mjomba wa Pasi. Pita nyuma. Ukikanyaga karatasi zangu nitakunyoa mimi."

Nyuma ya duka, katikati ya marobota ya karatasi, palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Watu wamekaa. Wamekaa, naomba mlisikie neno hilo. Mpwa wangu yuko kwenye kiti chenye mgongo, viatu amevua, miguu ameiweka juu ya katoni ya wino. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Na hazikuwa karata, wala hapakuwa na senti mezani. Zilikuwa kadi. Kila kadi ina picha ya kiumbe: jitu, ndege wa moto, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele (huyo nilimsikitikia, hakupata kinyozi). Chini ya picha kuna namba za nguvu, na maandishi ya Kiingereza madogo kama ufuta. Kadi zinauzwa kwenye vifuko vilivyofungwa, hujui umepata nini mpaka umechana, kwa hiyo watu hubadilishana mpaka kila mmoja apate seti anayoitaka. Nipe jitu lako nikupe ndege wangu. Ukitaka kujua tabia ya mtu usimwangalie akila, mwangalie akibadilishana kadi.

Meza ile ilikuwa na sheria yake iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: SOMA, ELEZA, WEKA. Kabla hujaweka kadi lazima uisome kwa sauti kama ilivyoandikwa, kisha uwaeleze wenzako kwa maneno yako mwenyewe inafanya nini. Ukishindwa kueleza, kadi inarudi mkononi, hata iwe na nguvu za kuangusha mlima. Na mwenzako anaposoma, hakuna anayefungua mdomo.

Pembeni ya Pasi alikaa mlinzi wa benki, jamaa mrefu mwenye kigugumizi, jina lake pale mezani Kufuli. Kwangu huwa anakuja kunyolewa, anaonyesha kwa vidole tu urefu anaoutaka. Siku ile nilimsikia akisoma. Alikwama, ndiyo, herufi moja ilimshika kama mlango ulioumuka kwa mvua, lakini watu wazima wote wale wakasubiri kimya, hakuna aliyemmalizia neno. Akafika mwisho wa sentensi. Akaeleza. Akaweka kadi kwa kishindo. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nikaambiwa ninyamaze.

Ikafika zamu ya Pasi. Mpwa wangu aliacha shule akiwa hajamaliza, mnajua mambo yalivyokuwa. Akainua kadi yenye konokono wa chuma.

"Konokono wa Chuma," akasoma, Kiingereza kimenyooka kama shuka la hospitali. Kisha akaeleza: "Huyu nguvu zake ndogo. Lakini hafukuziki. Na akishafanya kazi, analazwa ubavu, anapumzika zamu moja. Zamu inayofuata anasimama tena."

"Kwa nini analazwa?" nikauliza.

"Amechoka, mjomba."

"Kadi inachoka?"

"Zote zinachoka. Ukimtuma kiumbe wako kazini, unamlaza hivi." Akaizungusha kadi ikalala kwa upande. "Akiwa amelala huruhusiwi kumtuma. Ukimtuma umevunja sheria."

Mimi nimesoma mpaka darasa la tano, na nilivyotoka mwalimu mkuu mwenyewe alinisindikiza hadi getini, kwa hiyo elimu naijua nikiiona. Nimepita kwenye vibanda vingi vya kazi, nimesikiliza hotuba za mameneja nikiwa nawanyoa, na sijawahi kukutana na sheria ya namna hiyo: kwamba aliyefanya kazi lazima alazwe, na atakayemtuma akiwa amechoka ndiye mkosaji. Ilibidi niipate kwenye kadi ya konokono.

Nikarudi kwa dada. "Ni shule," nikamwambia. "Shule yenye viti."

"Wamekuloga," akajibu.

Baadaye Pasi alinieleza alivyofika pale. Alitumwa kunakili vibandiko vya mashuka, mvua ikamzuia, Mama Fotokopi akamwambia akae. "Nilikaa kwa sababu kulikuwa na kiti, mjomba. Halafu nikasoma kadi moja, watu wakanyamaza. Wote. Kazini hata nikipiga yowe hakuna anayesikia. Pale nikishika kadi, watu wazima wananyamaza wanisikie mimi." Akatazama miguu yake. "Hicho kiti sitaki kukipoteza."

Basi kiti hicho ndicho kisa chenyewe.

Ikaja mvua isiyojua kukoma. Kuta zikavunda, viberiti vikakataa kuwaka, na kadi za watu wote zikaanza kupinda kama majani makavu. Wakati huohuo ikasikika kwamba meza ya upande wa pili wa reli inakuja kushindana na meza ya Mama Fotokopi. Kiongozi wao ni mwalimu wa hesabu, mtu wa suti, anayekata kucha zake zibaki na ncha. Pasi akaona aibu kupeleka kadi zilizopinda mbele ya wageni. Na mtu aliyeshika pasi maisha yake yote akiona kitu kimepinda, unadhani atafanya nini?

Ijumaa alipotoka kazini akatandika kitambaa chenye unyevu mezani kwa mama yake, akaweka pasi moto wa hariri, akaanza kunyoosha kadi. Sasa kazini kwao kuna mazoea: unaanza na makoti ya madaktari bingwa, kisha ya wauguzi, mashuka baadaye, na matambara ya kudekia mwisho, ukifika. Mkono umezoea. Akaanza na zile kadi bora, Konokono wa kwanza kabisa, akafuata ndege wa moto, akafuata jitu. Zikatoka bapa, zinang'aa mgongoni kama sahani. Alipofika kwenye zile za kawaida, miguu ikamwambia basi. Akazima pasi. Akalala hapohapo kwenye kochi na nguo za kazi.

Jumamosi nilikuwepo, nimevaa shati langu la maulidi na send-off. Mchezo ukaenda vizuri, Pasi anasoma, anaeleza, anaweka. Ghafla mwalimu wa hesabu akashusha kadi zake.

"Samahani, mama," akamwambia Mama Fotokopi. "Kadi nzuri za huyu dada zote zinang'aa mgongoni. Mbaya zote zimepinda. Akiangalia juu ya seti yake iliyofunikwa mezani anajua inayokuja kabla hajaivuta. Sisi kwetu tunaita wizi."

Mama Fotokopi akashusha miwani mpaka machoni, na mimi sijawahi kuiona ikishuka. Akageuza kadi moja, akageuza nyingine. Kweli. Hata kipofu angezitofautisha kwa kidole.

"Pasi, umezifanya nini?"

"Nimezipiga pasi."

"Hizi tu?"

"Nilichoka."

Mwalimu akacheka kidogo puani. Mimi nikasimama, nikamwambia: mdogo wangu, hebu cheka tena nikione vizuri hicho kicheko. Wakanikalisha. Mama Fotokopi akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria haina shangazi: kadi inayojulikana kwa mgongo haichezwi, na mwenye seti ya namna hiyo anatoka mezani mpaka jambo lichunguzwe. Mpwa wangu hakubisha. Alivaa viatu vyake polepole, kwanza cha kushoto, akainuka kwenye kile kiti chenye mgongo, akatoka.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu kama foleni ya dawa. Pasi alikwenda kazini, akarudi, akakaa ukumbini kwa dada ameinamisha kichwa. Ukimsalimia anainua kidole kimoja. Dada, ambaye ndiye aliyetaka karata zile ziishe, akaanza kugonga vifuniko vya masufuria bila sababu, ili nyumba iwe na sauti.

"Si ulitaka aache?" nikamuuliza.

"Nilitaka aache karata. Sikutaka aache kuongea."

Nikaona sasa hapa panamtaka mtu mzima. Nikafunga kinyozini, nikaenda kwa Mama Fotokopi, nikamkuta na Kufuli. Nikawapa hotuba ambayo laiti ingerekodiwa. Nikawaeleza makoti ya madaktari bingwa na matambara ya kudekia. Nikawaambia mwizi hupanga, na huyu alishindwa hata kupanga kulala kitandani.

Mama Fotokopi akasikiliza mpaka mwisho. "Namjua Pasi," akasema. "Nilijua tangu siku ile kwamba si mwizi. Lakini ningesemaje mbele ya wageni, kwamba naijua roho yake? Roho haionekani. Mgongo wa kadi unaonekana. Amalize kunyoosha zilizobaki zote zifanane, arudi. Yule mwalimu nitamweleza mwenyewe."

"Na za... za... zangu," Kufuli akasema, "zimepinda pia."

"Na zangu," Mama Fotokopi akaangalia kadi zake. "Kwani akipiga pasi za meza nzima si tutakuwa sawa wote?"

"Mpwa wangu?" nikasema. "Hiyo kwake ni mchezo tu! Leteni!"

Mdomo huu umenipatia wateja wengi, na siku nyingine hunipatia mizigo. Nikaondoka na katoni imejaa kadi za watu, nimeibeba kichwani kama kombe la ushindi, napiga mluzi njia nzima.

Pasi alikuwa amekaa ukumbini, ameloweka miguu kwenye beseni. Nikatua katoni mbele yake. Nikamweleza habari njema. Akaitazama katoni. Akaitazama muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeona zamu ya pili imeandikwa jina lake.

"Zote?" akauliza.

"Wanakuamini, mwanangu! Meza nzima!"

"Mjomba." Hakupandisha sauti. Hakuwa nayo. "Kutwa nzima napiga pasi. Nikifumba macho naona kola. Sehemu moja tu duniani nilikuwa sishiki pasi. Na wewe umenibebea pasi mpaka huko."

"Lakini kiti chako..."

"Nikikilipia kwa kupiga pasi, hicho si kiti tena. Ni kazi yenye mgongo." Akatoa miguu majini. "Warudishie kadi zao. Waambie ahsante."

Akaingia chumbani. Mimi, mtu wa maneno, nikabaki na beseni.

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko wake. Alisikia yote. Hakunitukana, jambo lililonitisha zaidi. Akauliza tu, "Kule wana viti vingapi?"

"Vya kutosha."

Jumamosi mchana akamgongea binti yake mlango. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, na mkononi amebeba pasi ya nyumbani, waya umeviringishwa vizuri.

"Inuka twende."

"Mama, nimesema sipigi."

"Nani kakwambia upige? Mjomba wako atabeba katoni, maana ndiye aliyeileta. Mimi nabeba pasi. Wewe beba miguu yako tu."

Tukaenda hivyo, msafara wa ajabu. Dada aliingia dukani, akapita nyuma bila kukaribishwa, akatandika kitambaa chenye unyevu juu ya robota la karatasi, akachomeka pasi kwenye soketi ya mashine ya fotokopi. Watu wa meza wakanyamaza kama kuna mtu anasoma.

"Mwanangu anapiga pasi mashuka ya wagonjwa," akasema. "Nyie ni wagonjwa?"

Kufuli akatikisa kichwa.

"Basi kila mwenye kadi anyooshe kadi yake. Foleni ianzie hapa. Za binti yangu zilizobaki nitanyoosha mimi."

Ningependa mngemwona Mama Fotokopi. Miwani imeingia mvuke, ulimi umetoka pembeni, anaogopa pasi kama inauma. Kufuli alinyoosha zake kwa nidhamu ya gwaride. Na Pasi? Pasi alikuwa amekaa. Kwenye kiti chake, viatu pembeni, miguu juu ya katoni ya wino. Mwanzo alikaa ukingoni, mikono inamwasha. Kisha akaegemea.

"Usikandamize, Mama Fotokopi," akasema. "Pitisha tu. Hiyo si koti."

"Hivi?"

"Hivyo. Mjomba, moshi huo!"

Nilikuwa najaribu tu, nimeomba kadi moja ya mazoezi. Yule mwanamke wa nywele za nyoka sasa ana upara. Nasema hata hivyo kapendeza.

Zilipokwisha kupoa, Mama Fotokopi akazigeuza migongo moja baada ya nyingine, taratibu, zikafanana zote. Akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Mchezo uanze," akasema, na hilo ndilo tangazo pekee lililotolewa kuhusu kurudi kwa mpwa wangu. Dada akavuta kiti ubavuni kwa Kufuli, akajitia haangalii.

Nimesikia watu wakisema kadi hizi ni mambo ya kitoto, zinapoteza muda. Waje waone. Mule ndani mlinzi anamaliza sentensi zake, na dobi anasoma Kiingereza kwa sauti. Hata dada yangu, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukaa mchana, aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika, "Sasa huyu ndege kwa nini kalazwa?" Kufuli akamweleza. Ilichukua muda, na dada akasubiri.

Zamu ikazunguka ikafika kwa Pasi. Tukamgeukia. Kichwa kilikuwa kimeangukia bega, kadi ziko mkononi zimebanwa vizuri zisionekane, na mdomo uko wazi kidogo. Amelala fofofo.

Nikanyoosha mkono nimtikise. Mama Fotokopi akanipiga kofi kwenye kiganja.

"Soma sheria, mjomba mtu. Huyo amelazwa. Amefanya kazi, zamu hii anapumzika."

Dada akavua kitenge chake cha begani akamfunika miguu. Mchezo ukamruka, ukaenda kwa Kufuli, ukazunguka meza polepole, watu wanasoma kwa sauti ya kunong'ona. Ulipomfikia tena, Mama Fotokopi akagonga meza kwa kidole kimoja.

"Pasi. Simama sasa, zamu yako."

Akafumbua macho. Akaangalia meza, akatuangalia sisi, akaangalia kadi zake kana kwamba anahakikisha ziko zote. Hakusimama. Akainua moja, akakohoa kusafisha sauti, na sote tukanyamaza.